Nilijisifu kazini kwamba mimi mvuvi wa Tanga, sasa Jumamosi natakiwa baharini Whitby na bahari imechafuka. Ushauri wakuu

Mtoto_wa_Tongoni (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Leo Jumatano, safari ni Jumamosi, kwa hiyo naomba mnijibu haraka.

Niko Leeds, Uingereza, mwaka wa kumi na mbili, nafanya kazi ghalani. Pale kazini kuna kundi la wazungu wapenda uvuvi, kila Januari wanakodi boti Whitby, mji wa bandari pwani ya huku, kwenda kuvua cod, samaki wa maji baridi. Mwaka jana wakati wa chai nikajichanganya, nikasema mimi ni mtoto wa mvuvi, nimezaliwa Tongoni, bahari naijua. Kweli mzee alikuwa na ngalawa, lakini mara ya mwisho kushika mshipi nilikuwa darasa la sita. Hawakusahau. Tuko wanane, kila mtu katoa pauni 70, na tayari wananiita kapteni.

Utabiri unasema upepo wa kaskazini-mashariki, nguvu 5 mpaka 6 kwa kipimo cha Beaufort (0 ni shwari, 12 ni kimbunga), mawimbi mita mbili na nusu. Mwenye boti nimemtumia meseji, kajibu "tutaona Ijumaa jioni". Mke wangu kanuna. Naogopa vitu viwili: kutapika mbele ya wale jamaa, na baridi. Kuzama sijafikiria, maana nikifikiria silali. Niende au nijifanye naumwa?

Chapa_Ilale

Umwa mkuu. Waambie malaria imerudi. Malaria wanaiogopa, hakuna atakayeuliza swali la pili.

Mzee_wa_Shimoni

Mdogo wangu, mimi napeleka watalii kuvua mkondo wa Pemba, miaka mingi sasa. Bahari ya huko sijaikanyaga, lakini upepo ni upepo. Namba ya nguvu peke yake haikuambii kitu. Uliza unatoka wapi na maji yanakwenda wapi. Upepo na maji vikienda njia moja, mashua inapanda na kushuka kama kitanda cha kamba. Vikipigana, wimbi linasimama wima, halafu linakuja la pili kabla hujamaliza la kwanza. Hapo hata nguvu 4 inakutoa matumbo. Tena angalia mwezi: bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unakuwa mkali zaidi kuliko maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo.

Sisi huku kusi likishika, mwezi wa tano na wa sita, boti nyingi za watalii zinapandishwa pwani zikapigwe rangi. Hakuna anayeitwa mwoga.

Ndoana_Hull

Mzee kamaliza, mimi naongeza ya hapahapa. Whitby nimetoka nayo mara nne, mara moja nikaapa sirudi.

Mdomo wa bandari ile unatazama kaskazini. Upepo wa magharibi, hata ukiwa nguvu 5, unatoka nchi kavu, kwa hiyo karibu na pwani maji yanakuwa yametulia kiasi. Huo wako wa kaskazini-mashariki unatoka bahari wazi na kusukuma mawimbi mpaka mlangoni. Manahodha wa pale hawaogopi sana kutoka. Wanaogopa kurudi, wimbi kubwa likiwa nyuma ya boti na kuta za mawe kushoto na kulia. Ndiyo maana huyo wako kasema "tutaona". Angekujibu "twende tu, hamna shida", ningekwambia uiache hiyo pauni 70.

Boti za kukodi hapa zinabeba abiria wasiozidi 12 na lazima ziwe na cheti cha usalama kinachoonyesha zinaruhusiwa kwenda umbali gani kutoka bandarini. Omba kukiona. Mwenye nacho haoni vibaya kuonyesha.

Halafu laifujaketi. Utakuta wenzako wamelikalia. Wewe vaa. Tarehe 9 Februari 1861, palepale Whitby, boti ya uokoaji ilipinduka kwenye dhoruba. Walikuwa wamekwisha kutoka mara kadhaa siku hiyo kuokoa mabaharia. Ndani walikuwa watu 13, wakafa 12. Aliyepona, Henry Freeman, ndiye peke yake aliyevaa jaketi jipya la kuelea, la magome mepesi ya mti (cork). Wote walikuwa wanaume wa baharini, kuliko mimi na wewe.

Chapa_Ilale

Mleta uzi umeisoma hiyo? Malaria, mkuu. Malaria.

Dada_wa_Wodi7

Niko kwenye uuguzi. Kaka, usimsikilize huyo wa malaria, atakupoteza kazi.

Dawa ya kichefuchefu imeze kabla, kama saa mbili kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika kidonge kitatoka nacho. Zinauzwa duka la dawa bila karatasi ya daktari, lakini mwambie mfamasia kama una presha ya macho, shida ya tezi dume, au dawa nyingine unazotumia. Na nyingi zinaleta usingizi. Kutoka Leeds mpaka Whitby ni karibu saa mbili za gari, kwa hiyo ukimeza wewe usishike usukani. Pombe usiku wa kuamkia safari, hapana.

Usiende na njaa ukidhani tumbo tupu halitapiki. Linatapika nyongo, ni mbaya zaidi. Kula mkate mkavu, beba tangawizi. Botini kaa katikati au nyuma, mbali na moshi wa dizeli, macho yaangalie mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Usiingie chumbani kulala, na usiiname kufunga ndoana muda mrefu.

Baridi: maji ya pale Januari ni nyuzi 6 au 7 hivi. Ukianguka, kifua kinavuta pumzi chenyewe hutaki, ndipo watu wanapomeza maji. Usipigane kuogelea. Lala chali, masikio ndani ya maji, elea mpaka pumzi irudi. Dakika za mwanzo ndizo mbaya.

Ndoana_Hull

Dada umeua. Naongeza nguo: jinzi acha nyumbani, pamba ikilowa hukauki siku nzima. Vaa sufu ndani, juu suti ya kuelea, wengine wanazo za kuazimisha. Buti zisibane, mguu uliobanwa unaganda haraka.

Na usibebe NDIZI. Sitanii. Wavuvi wa huku wanaamini ndizi botini ni mkosi, watakurudisha nazo garini.

Mzee_wa_Shimoni

Ndizi? Sisi ndizi ndiyo chakula chenyewe cha safari. Haya, kila bahari na miiko yake.

Mtoto_wa_Tongoni

MREJESHO, Ijumaa. Saa moja usiku nahodha kapiga simu: safari imeahirishwa, pesa zinasubiri siku nyingine. Kwenye kundi nikaandika "daah, inauma sana". Dakika tano baadaye yule jamaa mwenye fimbo za kuvulia za bei mbaya kanitumia meseji pembeni: "Ashukuriwe Mungu, kila mwaka natapika kuanzia geti la bandari." Kumbe!

Mtoto_wa_Tongoni

MREJESHO WA PILI. Tumekwenda juzi, wiki tatu baadaye. Magharibi nguvu 4. Tuliondoka gizani, jua huku linatoka saa mbili na kitu asubuhi. Nimetapika mara mbili, yule wa fimbo mara nne, hakuna aliyemcheka mwenzake kwa sababu kila mtu alikuwa ameshika chuma chake kimya. Vidole vilikufa ganzi nikashindwa kutoa ndoana, nahodha akanitolea bila kusema neno. Nilipata whiting (samaki jamii ya cod) watatu wadogo na cod mmoja. Nahodha kampima kwenye ubao, mwisho wa chini ni sentimita 35, wangu alifika 41. Kapteni nimeshuka cheo, sasa naitwa kwa jina langu.

Mzee wa Shimoni, ulisema kweli. Saa tano maji yalipogeuka kupambana na upepo, niliona wimbi linasimama kama ulivyoeleza. Nilikumbuka mzee wangu alikuwa anakunja tanga na kurudi saa kama hizo, mimi nadhani kachoka.

Yule cod mke wangu kampika kwa nazi. Nyama yote ikavunjikavunjika kwenye tui, tukala kwa kijiko kama uji. Kaniuliza, chewa wa kwenu nao wanavurugika hivi? Sikukumbuka.

Dada_wa_Wodi7

Hongera kaka. Huyo mpake chumvi na ndimu, mkaange kwanza mpaka ashike rangi, tui likisha iva ndiyo umtie mwishoni. Ukimweka mbichi lazima avurugike.