Tupime vipi ubora wa chaneli za video za baiskeli za milimani?

Mpanda Kilima

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu baiskeli ya milimani nimekipata kwenye video za mtandaoni, na nadhani wengi wetu humu tuko hivyo. Ninaleta swali hili kwa sababu kadiri chaneli zinavyoongezeka ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kutofautisha inayofundisha na inayoburudisha tu. Picha zinapendeza, watangazaji ni wachangamfu, muziki unaingia mahali pake, lakini video ikiisha nikajiuliza ni jambo gani hasa ninaloweza kwenda kulifanyia mazoezi, mara nyingi sipati hata moja.

Nitoe mfano unaonisumbua. Kuhusu kushuka mteremko mkali, mwalimu mmoja anasisitiza kwamba mpanda apeleke makalio nyuma ya kiti hadi tumbo likaribie kukigusa. Mwingine, naye ni hodari kabisa, anasema kufanya hivyo ni hatari kwa sababu gurudumu la mbele linakosa uzito na kuteleza, kwa hiyo mtu abaki katikati ya baiskeli. Wote wawili wanashuka salama mbele ya kamera, na hakuna anayetaja kwamba ipo rai tofauti na yake.

Ninazitazama chaneli kubwa kama GMBN, iliyoanza Uingereza mwaka 2015 ikiwa dada wa chaneli ya baiskeli za barabarani ya GCN, na ninazitazama pia za watu binafsi wanaojirekodi wenyewe. Idadi ya wafuasi hainisaidii kuamua, kwa kuwa nimekuta mafunzo mazuri sana kwenye chaneli zisizojulikana na porojo kwenye chaneli maarufu. Je, wenye uzoefu mnatumia vigezo gani?

Mkufunzi wa Njia

Mkuu, huenda walimu hao wawili walikuwa sahihi wote, kila mmoja kwa baiskeli aliyoipanda. Baiskeli nyingi za milimani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na uma wa mbele, yaani miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, uliosimama karibu na wima, kwa pembe ya nyuzi 69 hadi 71 hivi kutoka ardhini, fremu fupi, na shingo ya usukani, yaani kipande kinachoushika usukani mbele ya fremu, iliyoweza kufika urefu wa milimita 90 au 100. Kiti nacho kilibaki juu, isipokuwa mtu asimame akakishushe kwa mkono. Mabega ya mpanda yalikuwa karibu juu ya gurudumu la mbele, na jiwe moja kwenye mteremko lilitosha kumrusha juu ya usukani. Ushauri wa kurudi nyuma ulizaliwa katika mazingira hayo na ulikuwa na maana yake. Leo baiskeli nyingi za njia, yaani zile za milimani za matumizi ya kawaida ya kupanda na kushuka, zina pembe ya nyuzi 64 hadi 66, fremu ndefu, shingo ya usukani ya milimita 35 hadi 50, na kiti kinachoshuka kwa kubonyeza kitufe kilichopo kwenye usukani. Gurudumu la mbele limesogezwa mbali na mpanda, kwa hiyo akirudi nyuma kupita kiasi mikono inanyooka, gurudumu linakuwa jepesi, na kona inayofuata haliishiki.

Ndiyo maana kigezo changu cha kwanza ni kama mwalimu anataja anapanda baiskeli gani na kwa nini ushauri wake unaifaa. Video nyingi za zamani bado zinaonekana juu kwenye matokeo ya utafutaji, na mtu anayeanza leo anazichukua kana kwamba zimetengenezwa kwa ajili ya baiskeli yake. Tazameni tarehe kabla ya kutazama video.

Kigezo cha pili ni kuona makosa. Chukueni somo la kurusha baiskeli juu ya gogo. Mwendo wenyewe una sehemu zinazofuatana kwa haraka: mpanda anajikunja chini, anasukuma nyonga nyuma na chini huku mikono ikinyooka hadi gurudumu la mbele linainuka lenyewe, kisha anasimama na kuuleta usukani kwenye nyonga, na mwisho anausukuma usukani mbele ili gurudumu la nyuma lifuate. Likionyeshwa kwa mbele, tena kwa kasi ya kawaida, mtazamaji haoni chochote isipokuwa mtu anayeruka. Likionyeshwa kwa ubavuni, baiskeli nzima ikiwa ndani ya picha, polepole, na baadaye akaletwa mwanafunzi anayevuta usukani kwa mikono badala ya kutumia nyonga, hapo kuna somo. Masomo ambayo Ben Cathro, mpanda wa Uskoti aliyewahi kushindana Kombe la Dunia la mbio za kuteremka, aliyafanya kwa ajili ya Pinkbike, tovuti ya baiskeli za milimani, ninayahesabu miongoni mwa bora kabisa kwa sababu hiyo: anaeleza kanuni moja, anaonyesha inavyoharibika, na hakimbilii kanuni ya pili kabla ya ile ya kwanza kueleweka.

Jicho la Kamera

Ninakubaliana na Mkufunzi, lakini naomba niongeze jambo linalohusu picha yenyewe, kwa kuwa watu wengi wanaumia kwa kutolijua. Kamera ndogo za kifuani na za kwenye helmeti hutumia lenzi pana sana. Lenzi hiyo huvikuza vitu vilivyo karibu na kuvisukuma mbali vilivyo mbele, na kwa kuwa kamera ya kifuani huinama pamoja na mpanda, picha haina mstari wa kulinganisha na ardhi. Matokeo yake ni kwamba mteremko mkali huonekana kama barabara iliyoinama kidogo, na mruko mkubwa huonekana kama tuta. Tangu GoPro ilipoleta utulizaji wa picha wenye nguvu kwenye HERO7 Black mwaka 2018, hata mtikisiko uliokuwa ukitudokeza ugumu wa njia umefutwa.

Ukitaka kukadiria mteremko kwenye picha za namna hiyo, acha kutazama njia, tazama miti. Miti mingi huota wima hata mahali penye mteremko. Ukiona mashina yote yanaegemea upande wa mpanda, kana kwamba yanataka kumwangukia, basi ujue kamera ndiyo iliyoinama na mteremko ni mkali zaidi kuliko unavyodhani. Rémy Métailler, Mfaransa anayerekodi njia ngumu mno za magharibi mwa Kanada, ni mfano mzuri wa kufanyia zoezi hili, maana anashuka kwa utulivu unaoweza kumdanganya mtazamaji asiyechunguza.

Kwa upande wangu, picha inayopigwa na mpanda wa pili anayefuata nyuma ina faida kubwa zaidi kwa anayejifunza. Nate Hills amejijengea jina kwa kuwafuata wapanda wengine huku akiwarekodi kwa kamera iliyotulia, na humo mtu anaona viwiko, magoti na nyonga za mpanda vikifanya kazi, vitu ambavyo kamera ya kifuani haiwezi kuvionyesha. Chaneli inayotumia kamera ya kifuani pekee inaweza kukufundisha jinsi njia fulani ilivyo, yaani kona iko wapi na jiwe liko wapi, lakini haiwezi kukufundisha mkao.

Fundi Spoki

Mimi nitasema kuhusu ufundi na tathmini za vifaa, kwani huko ndiko pesa inakoingia.

Kwenye ufundi sina shaka kuitaja Park Tool, kampuni ya Marekani inayotengeneza zana za baiskeli tangu mwaka 1963. Video zilizoongozwa na Calvin Jones hazina mbwembwe yoyote. Mkono unaonekana kwa karibu, boliti inaonekana, na kila hatua inatajwa kabla ya kufanywa. Tuchukue kazi ndogo kama kufunga usukani. Fundi makini atakuonyesha kwamba boliti 4 za kifuniko cha shingo hukazwa kwa kupishana, kidogo kidogo, huku ukiangalia mwanya wa juu na wa chini usitofautiane ikiwa kifuniko ni cha aina hiyo, na kwamba kipimo cha kukaza kimeandikwa kwenye kifaa chenyewe, mara nyingi nyutoni mita 5 au karibu na hapo. Fundi wa kubahatisha atakaza boliti moja hadi mwisho, aseme imeshika, kisha aendelee na hadithi yake. Usukani wa nyuzi za kaboni uliofungwa hivyo unaweza kupasuka bila kukupa taarifa. Ndiyo, Park Tool wanataka ununue zana zao, lakini jambo hilo liko wazi tangu jina la chaneli, na funguo za kampuni nyingine zinafanya kazi ileile.

Biashara isiyo wazi ndiyo inayoniudhi. Mtu anapewa baiskeli na kampuni, anaipanda asubuhi moja kwenye njia aliyochaguliwa na kampuni hiyohiyo, halafu anatuambia ni baiskeli bora ya mwaka. Tathmini inayostahili kuaminiwa inaeleza baiskeli ilipatikanaje, uzito wa mpanda, upepo uliojazwa kwenye tairi, na shokapu zilizama kiasi gani chini ya uzito wake, ambapo asilimia 25 hadi 30 ya urefu wote zinaoweza kubonyea ni kawaida kwa baiskeli nyingi za njia. Bila taarifa hizo, mtu akisema baiskeli ni ngumu au ni laini hajasema kitu, maana pampu ya shokapu ingeweza kuibadilisha hukumu yake yote kwa dakika moja. Pinkbike wanapozilinganisha baiskeli kadhaa kwa pamoja, wakazipanda watu walewale kwenye njia zilezile na tairi za aina moja, mtazamaji anapata cha kushika. Zoezi lao la kudondosha baiskeli kutoka juu hadi kwenye ardhi tambarare, likirekodiwa polepole mno, nalo si mchezo kama wengine wanavyodhani: unaona tairi ikibonyea, uma ukiishiwa mwendo, fremu ikijipinda na kurudi. Haikuambii baiskeli inapandikaje, lakini inakuonyesha jambo ambalo macho yako yasingeweza kuliona.

Na kuhusu urefu wa video, tangu mwaka 2020 YouTube inaruhusu matangazo ya katikati kwenye video za kuanzia dakika 8, badala ya 10 kama ilivyokuwa awali. Somo la dakika 3 likivutwa hadi kuvuka dakika 8, mjue sababu yake haiko kwenye baiskeli.

Mpanda Kilima

Ninawashukuru sana. Suala la miti na lile la pembe ya uma yamenifungua macho. Naomba niulize zaidi: je, video za maonyesho, kama za Danny MacAskill, Mskoti anayesifika kwa michezo ya ustadi wa baiskeli, na zile za mbio, zina nafasi gani kwa mtu anayetaka kujifunza? Au tuziweke kando kabisa?

Mfuatilia Mbio

Ndugu, usiziweke kando. Video ya MacAskill iliyorekodiwa Edinburgh na kutolewa mwaka 2009 ndiyo iliyowaingiza wengi kwenye mapenzi ya baiskeli, na ilichukua miezi kadhaa kuitengeneza. Tatizo ni pale chaneli ya mafunzo inapoiga sura ya maonyesho, ikaficha majaribio yaliyoshindikana, na kumwacha mtazamaji akidhani kila kitu hufanyika mara ya kwanza.

Mbio, kwa maoni yangu, ni darasa linalodharauliwa. Tafuta picha za mashindano ya dunia ya kuteremka ya mwaka 2011 kule Champéry, Uswisi, ambako Danny Hart alishinda kwa zaidi ya sekunde 11 kwenye mvua na matope. Mtazame mara ya kwanza kwa furaha, kisha rudia ukitazama kitu kimoja tu, kwa mfano mahali anapoweka mguu chini na mahali anapouacha kwenye pedali ilhali wapinzani wake wameutoa. Kamera za kando ya njia zimesimama mahali pamoja na wapanda wote wanapita hapo, kwa hiyo unapata ulinganisho ambao hakuna mwalimu anayeweza kukutengenezea: kona moja, matope yaleyale, watu tofauti, na saa inayosema nani alichagua vizuri.

Linalonisikitisha ni kwamba darasa hilo limekuwa gumu kufikiwa. Red Bull TV ilirusha Kombe la Dunia bila malipo kuanzia mwaka 2012 hadi 2022, Rob Warner akitangaza kwa sauti ambayo hakuna mpenzi wa mchezo huu asiyeifahamu. Mwaka 2023 matangazo yalihamia kwa Warner Bros. Discovery, na watazamaji katika nchi nyingi wakatakiwa kulipia. Huduma ya GCN+ nayo, iliyokuwa mojawapo ya milango ya kuyatazama, ilifungwa mwezi Desemba mwaka huohuo. Vipande vya muhtasari vinapatikana bure, lakini muhtasari huchagua ajali na washindi, na aliyemaliza wa 15 kwa njia safi kabisa haonekani.

Mkufunzi wa Njia

Namuunga mkono Mfuatilia Mbio kuhusu kurudia kona moja. Nimjibu na Mpanda Kilima kwa jambo la kufanya wiki hii. Chagua somo moja tu la kona kutoka chaneli yoyote inayoonyesha mpanda mzima, na usitazame jingine mpaka umalize nalo. Simu yako iweke chini, upande wa nje wa kona, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu, urekodi ukipita kwa kasi ndogo. Kisha simamisha picha yako na ya mwalimu pale baiskeli inapolala zaidi, na uangalie mambo matatu kwa utaratibu huu: viwiko vimekunjwa au vimenyooka, baiskeli imelala kuliko mwili au mwili umelala pamoja nayo, na macho yanatazama mwisho wa kona au gurudumu la mbele. Kama picha ya mwalimu haikuruhusu kuyaona hayo matatu hata ukiisimamisha, badilisha chaneli. Na kama viwiko vyako vimenyooka, acha kona kwanza, rudi kwenye somo la mkao kwenye ardhi tambarare, kwa sababu mikono iliyonyooka haiwezi kuilaza baiskeli hata mwalimu awe nani.

Ukipenda, weka video yako hapa tuitazame pamoja, ila utaje pia upepo wa tairi na pembe ya uma wa baiskeli yako.