Shirika lile mnalolijua: wamenikatia tagi zangu kwa MKASI mbele ya watu!

Mama_Kontena:

Wakuu, leo sisalimii. Nimeshuka alfajiri, sijalala, miguu imevimba, na hasira niliyonayo mkiichomeka kwenye nguzo ya umeme itawasha taa kuanzia Gongo la Mboto hadi Bunju. Shirika silitaji. Mnalijua. Kila anayefuata mzigo China amelipanda, na kila aliyelipanda ana lake moyoni.

Wamenikatia tagi za mabegi kwa mkasi. MKASI.

Mimi ni mtu wa Kariakoo, nauza viatu vya kike na mikoba, mwaka wa tisa huu. Guangzhou naenda mara tano kwa mwaka, biashara ikichangamka mara sita. Mzigo mkubwa unapanda meli, lakini ule wa moto, sampo na mali ya sikukuu, nakuja nao mwenyewe. Kwa hiyo hiyo kadi ya dhahabu ya abiria wa mara kwa mara, mnayoiona ya kujidai, kwangu ilikuwa begi la tatu. Abiria wa kawaida anapewa mabegi mawili ya kilo 23, mimi napewa matatu. Launji yao, kile chumba cha kusubiria cha wenye kadi, wabaki nayo na vikeki vyao. Kilo 23 za sendozi za kike, wewe unayeuza unajua ni nini: ni kodi ya fremu, ni ada ya mtoto, na chenji inabaki.

Mwanzoni mwa mwaka wakaleta barua pepe. "Mpendwa mteja wetu, tunaboresha." Nikajua nimekwisha. Zamani daraja la kadi lilihesabiwa kwa umbali: umeruka maili kadhaa, umefikisha, unapanda. Dar hadi Guangzhou ni zaidi ya kilomita 8,000 ukipiga mstari ulionyooka, na wao hawanyooki, lazima wakupitishe kwao kwanza. Nilikuwa nafikisha mapema kabisa. Sasa wanahesabu pesa. Tena si pesa yote iliyokutoka mfukoni! Nauli peke yake, kodi na tozo za uwanja hazimo. Kwa hiyo mimi ninayekaa siti ya katikati, nyuma kabisa, choo kinanipumulia mgongoni saa nzima nzima, mara sita kwa mwaka kwa hela ya droo ya duka langu, mimi si mteja mwaminifu. Bosi wa mradi anayekatiwa tiketi na ofisi, amelala mbele kwenye siti inayogeuka kitanda, safari mbili tu, huyo ndiye mwaminifu. Uaminifu wa hela ya mfadhili!

Hata hivyo nilinyamaza. Nikasema ngoja, safari hii moja nimalize, nitaona mbele. Nimeondoka Dar tarehe 27 Juni nikiwa dhahabu. Kadi ikaisha tarehe 30. Nikarudi uwanjani Baiyun, kule Guangzhou, tarehe 3 Julai. Tiketi ni ile ile, niliyoilipia nikiwa dhahabu, kwenda na kurudi.

Nisikilizeni hapa. Kijana wa kaunta ameshapima begi la kwanza. Ameshafunga tagi ya chungwa, ile ya mzigo wa kipaumbele, kwenye mkono wa begi. La pili, amefunga. La tatu, lile nililolizungushia kitambaa cha zambarau ili nilijue haraka Dar, amefunga. Nimeshaanza kurudisha pasipoti kwenye pochi. Akagonga kompyuta. Akasimama. Akatazama kioo, akanitazama, akatazama kioo. Akapiga simu, maneno mawili. Halafu akafungua droo.

Mkasi mdogo, mpini mwekundu, kama ule wa kukatia nyuzi kwa fundi cherehani. Kacha. Kacha. Kacha. Tagi zote tatu. Akazidondosha kwenye ndoo ya takataka miguuni kwake. Hakusema pole, hakusema samahani, hakusema hata "mama". Ile karatasi ingebaki pale ingemnyima nini? Ingemla usingizi? Angeniambia begi la tatu ulipie, sawa, biashara ni biashara. Lakini kuvua mtu tagi aliyokwisha kuvishwa, watu wote foleni nzima wanatazama!

Na mjue nyuma yangu alisimama nani. Jirani yangu wa mtaa, duka lake na langu yanatazamana. Akanipa ile "pole shoga" ya meno. Hadi sasa hivi ninavyoandika, Kariakoo nzima inajua, hadi wauza maji wa Mtaa wa Kongo.

Basi nikapiga magoti sakafuni, nikafungua mabegi. Begi la tatu walitaka dola 180, na mtaji wote nilishauacha sokoni. Nimejaza nilichoweza kwenye yale mawili, majaketi matatu nikayavaa, na jozi 14 za sendozi nikampa mama mmoja aliyekuwa anapiga deki. Jozi 14! Mama wa watu alishika ile mifuko kama ameshikishwa mtoto mchanga wa mtu, akawa ananiangalia tu, hajui achukue au akatae.

Na nasikia mwakani hata kadi ya fedha, ile ya chini ya dhahabu, wanataka kuigusa. Mwenye namba ya bosi wao aniwekee hapa. Na moderator usiuhamishe uzi huu kwenda jukwaa la utalii, mimi sikwenda kutalii.

Mzee_wa_Kipawa:

Nimevuta kiti. Kahawa ipo, kashata zipo. Endeleeni.

Sululu_Butu:

Ndege sijawahi kupanda hata ya kuchongwa kwa mti, lakini huo mkasi umenipata mimi hapa Songea.

Kinyozi_Msomi:

Majaketi matatu, Guangzhou, mwezi wa saba? Dada ungefia kwenye foleni tukaambiwa umekufa kwa malaria.

Mama_Kontena:

Kinyozi mimi sina utani leo. Kijana aliweza kuniambia kwa mdomo. Ana mdomo, nimeuona. Akachagua mkasi.

Bwana_Tiketi:

Mimi nakata tiketi miaka mingi, ngoja niwape kilichopo. Huyo mnayemsema hakubuni hili, kaiga. American Airlines walipoanzisha mpango wao wa wateja waaminifu Mei 1981, hesabu ilikuwa maili, ndiyo maana hadi leo watu wanasema "maili" hata kama hakuna umbali unaopimwa. Sasa wakubwa wamehamia kwenye pesa. British Airways tangu tarehe 1 Aprili 2025 wanahesabu pointi moja kwa kila pauni ya nauli, na kufika Gold, dhahabu yao, unatakiwa pointi 20,000. Pauni elfu ishirini, wakuu, kwa mwaka. Kuna bonasi za hapa na pale, lakini mchukue mtu wa siti za nyuma muone atafikaje.

Ila kelele zinasaidia. Delta, shirika la ndege la Marekani, walitangaza masharti yao mapya Septemba 2023, daraja la juu kabisa likapandishwa hadi matumizi ya dola 35,000. Wateja wakawasha moto, mkurugenzi wao Ed Bastian akakiri hadharani kwamba walivuka mpaka, na Oktoba ile ile wakashusha hadi 28,000. Kwa hiyo dada, andika barua, weka namba ya tiketi, weka tarehe, na usisitize kwamba tiketi ulinunua ukiwa bado na daraja. Hiyo ndiyo hoja yako. Mkasi hauna kesi.

Mama_Kontena:

Kaka nakushukuru, barua nitaandika leo leo. Lakini hao wa Marekani kuna aliyekatiwa tagi ikiwa tayari iko kwenye begi? Hakuna. Waliandikiwa barua pepe wakiwa wamekaa kwao, mtu ananuna na chai yake. Mimi nimekatiwa kacha kacha kacha!

Dalali_Mstaafu:

Barua pepe ya mwanzo wa mwaka ulipata. Kadi ina tarehe ya mwisho mgongoni. Halafu unashangaa tarehe ikifika. Hata leseni ya gari ikiisha trafiki hakuimbii.

Binti_Pangani:

Dalali wewe ndiye yule kijana wa kaunta. Weka mkasi chini.

Mwana_wa_Maskati:

Asalaam aleikum. Mimi nasema wakati mwingine wanapunguza kwa sababu. Mwezi wa tano nimepita pale kwao, launji imejaa, watu wamelala kwenye zulia, foleni ya chai kama ya pilau la harusi. Nimesimama na sahani yangu dakika ishirini. Wote hapo dhahabu. Dhahabu ikiwa nyingi kama mchanga wa pwani, wewe uliyeihangaikia unapata nini? Waache wachuje.

Mama_Kontena:

Wachuje, sawa. Wamchuje anayelipiwa! Mimi launji sijaingia hata mara tatu kwa mwaka, sikuwahi kumzibia mtu chai. Mimi nataka begi langu.

Biashara_Eastleigh:

Pole sana dadangu. Huku Nairobi pia tumelia. Mimi huleta vifaa vya simu, na hao watu wako nilikuwa nao kadi ya fedha, nikaamka siku moja imerudi ile ya bluu. Hakuna simu, hakuna neno. Ile ya mkasi lakini sijaisikia, hiyo imezidi.

Kinyozi_Msomi:

Nyie bado mna nafuu, mnalilia kadi ya ndege. Mtandao wangu wa simu nimekusanya pointi miaka mitatu. Nilikuwa nazichunga nikisema Desemba nizibadilishe nipate simu. Tarehe 31 usiku saa sita, zikafutika zote. Meseji ikaja saa sita na dakika mbili: "Heri ya mwaka mpya." Pointi elfu kumi na kitu!

Sululu_Butu:

Aisee! Huo sasa ndio wizi. Na mimi walinifanyia. Bando la wiki linaisha Jumatano.

Binti_Pangani:

Bando langu linaisha nikiwa nalisoma salio.

Mama_Kontena:

Jamani, turudi kwenye uzi. Kuna anayejua ofisi yao ya mjini wako ghorofa ya ngapi siku hizi? Niende na vile vipande. Kimoja ninacho, kilibaki kimenasa kwenye mkono wa begi la zambarau, kinaonyesha kabisa kimekatwa.

Mzee_wa_Kipawa:

Kuhusu wateja waaminifu kudharauliwa hamjafika kwenye mabasi. Basi moja la Mwanza, mnalijua, nimepanda tangu lina magari mawili. Konda ananijua jina, na la mama yangu. Siti yangu ni ya mbele mlangoni, sababu goti langu halikunji. Mwezi uliopita nafika Stendi ya Magufuli saa kumi na moja alfajiri, nakuta pale amekaa kijana wa miaka ishirini na spika yake. Konda ananiambia "mzee siku hizi siti tunauza kwenye simu". Nikasafiri Dar hadi Mwanza goti limeegemea ndoo ya dagaa ya mtu.

Dalali_Mstaafu:

Hapo mzee nakuunga mkono. Mtu mzima hakai nyuma. Hilo ni kosa kubwa.

Binti_Pangani:

Kwa hiyo Dalali mwenye goti unamwonea huruma, mwenye begi humwonei?

Dalali_Mstaafu:

Goti halina tarehe ya mwisho.

Biashara_Eastleigh:

Hiyo basi ya Mwanza bado wanapeana soda na biskuti?

Mzee_wa_Kipawa:

Soda! Waliacha. Sasa ni chupa ndogo ya maji, tena ya uvuguvugu, imekaa kwenye injini. Zamani soda baridi, biskuti pakiti nzima, na pipi.

Sululu_Butu:

Pipi sikubali. Sisi wa Songea tulikuwa tunapewa biskuti tu.

Kinyozi_Msomi:

Pipi zilikuwepo, zile za kijani za mnanaa. Dada wa basi anapita na kikapu baada ya Chalinze.

Mama_Kontena:

Nimeandika barua, nimetuma. Wamejibu kwa sekunde moja: "Tumepokea ujumbe wako, wewe ni wa thamani kwetu." Ni ile ya mashine. Kijana na mkasi wake hakuna aliyemgusa.

Mwana_wa_Maskati:

Inshallah watajibu. Ila kwenye pipi Mzee yuko sahihi, na kwa Tanga zilikuwa mbili mbili.

Sululu_Butu:

Mbili mbili? Basi gani hilo? Litaje.

Binti_Pangani:

Mnalijua.