Naomba ushauri: programu ya wavuti haioni faili la Access lililo kwenye seva nyingine

Wakuu, nimekwama siku ya tatu sasa. Nina faili la Access (hifadhidata ya Microsoft) kwenye seva ya mafaili, na programu ya wavuti inaendeshwa na IIS (seva ya wavuti ya Windows) kwenye mashine nyingine. Nimetengeneza DSN ya ODBC, yaani mipangilio ya kuunganisha programu na hifadhidata. Nikiijaribu mwenyewe inasoma data bila shida. Nikipitia kwenye kivinjari inagoma, eti njia ya faili si sahihi.

Mwanzoni nilitumia herufi ya diski, Z:, kumbe hiyo anaiona mtumiaji aliyeingia tu, IIS haiijui. Nikaandika njia kamili, \\seva\data. Wapi! DSN nimeihamisha kutoka ya mtumiaji kwenda ya mfumo, na draiva ni ya biti 32 sawa na programu yenyewe, kwa hiyo huko sidhani.

Sasa nashuku ruhusa: huenda akaunti inayoendesha IIS haitambuliki kule kwenye seva. Je, niipe akaunti ya domeni (inayotambulika kwenye mashine zote za mtandao wetu) yenye haki ya kusoma tu, au lazima na kuandika, maana Access hutengeneza kafaili ka kufuli (ka kufuatilia nani analitumia faili) kwenye folda hiyohiyo? Au nihamie SQL Server, hifadhidata ya Microsoft inayojiendesha kama seva, yaishe? Watumiaji ni 12 tu, naona kama najitwika mzigo bure.