Maumivu ya neva baada ya mkanda wa jeshi: je, nimeze vidonge vya tabibu wa Kimongolia?

Mwanafunzi_Hohhot

Ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Ninasoma Hohhot, mji mkuu wa Mongolia ya Ndani, nchini Uchina. Mwaka jana niliugua mkanda wa jeshi upande wa kushoto wa kifua. Malengelenge yalikauka baada ya wiki tatu, lakini maumivu yamebaki, na huu ni mwezi wa 9 wa kuteseka: pale palipokuwa na vipele panachoma kama pamewekwa kaa la moto, na hata shati likipagusa ninashtuka. Hospitali walisema ni maumivu ya neva, wakanipa dawa iitwayo amitriptilini miligramu 25 kila usiku, ambayo inanisaidia kulala lakini haijanimalizia tatizo.

Mama mwenye nyumba ninayopanga, ambaye ni Mmongolia, alinipeleka kwa tabibu wa jadi. Tabibu alinishika mapigo ya mkono kwa muda mrefu, akautazama ulimi, kisha akasema kwamba "khii" yangu imevurugika na ugonjwa umeingia katika "mishipa myeupe". Alinikanda mgongoni kwa vifurushi vya moto, na ninakiri kwamba usiku ule nililala vizuri. Amenipa pia vidonge vyeusi vya mviringo katika mfuko usio na maandishi yoyote. Viko mezani, sijavigusa. Naomba mwenye ujuzi anieleze maana ya maneno hayo, na kama vidonge hivyo vinaweza kutumika pamoja na dawa ya hospitali.

Mhandisi_Madini

Pole sana, ndugu. Mimi si daktari, ila niliishi Ulaanbaatar, mji mkuu wa nchi ya Mongolia, miaka minne na nilikuwa na rafiki aliyesomea tiba hiyo, kwa hiyo nitajibu upande wa maneno tu.

Tiba ya Kimongolia inauona mwili kama mizani ya vitu vitatu: khii, yaani upepo; shar, yaani nyongo; na badgan, yaani makohozi. Aliyekulia pwani kwetu na kuwasikia wazee wakizungumzia safra na belghamu hatashangaa sana, ingawa chimbuko lao ni jingine, kwa kuwa elimu hii ya Wamongolia imejengwa juu ya kitabu cha Kitibeti kiitwacho Tantra Nne, ambacho nacho kilichota mengi kutoka India. Khii ndiyo inayoendesha kila kinachotembea mwilini, na "mishipa myeupe" ni kile ambacho hospitali wanakiita neva, kwa kuitofautisha na mishipa ya damu. Tabibu wako, kwa lugha yake, amesema jambo lilelile alilosema daktari: neva zimeathirika.

Vifurushi ulivyokandwa navyo, kama ni vya asili, huwa na kisibiti kilichofungwa katika kitambaa cha sufu na kuchovywa katika siagi au mafuta ya moto. Ni tiba ya kale mno, na Watibeti wenyewe huiita kwa jina la Hor, ambalo ni jina walilowapa watu wa kaskazini. Kwa bahati mbaya, huko Mongolia mengi ya aina hii yalikaribia kupotea, kwa sababu mwaka 1937 serikali ilianza kuwaua na kuwafunga malama, yaani watawa wa Kibudha, kwa maelfu, na malama ndio waliokuwa matabibu. Tiba hiyo ilirudi hadharani baada ya 1990.

Mfamasia_Tanga

Kukandwa hakuna ubaya, mradi ngozi isiungue. Na wewe uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu mahali palipopata mkanda wa jeshi huweza kuwa na ganzi na maumivu kwa wakati mmoja, ukaungua bila kujua.

Vidonge ni habari nyingine kabisa. Dawa kadhaa za Kimongolia za mishipa myeupe zina mzizi wa akoniti, mmea wenye sumu kali, na ni kweli kwamba mzizi huo hupunguza maumivu, kwa sababu sumu yake hushika milango ya sodiamu katika neva, yaani vijitundu ambavyo neva huvitumia kupeleka ujumbe. Tatizo ni kwamba moyo una milango ya aina hiyohiyo. Matabibu wanajua jambo hili, ndiyo maana huutayarisha mzizi kwanza ili sumu ipungue, lakini katika mfuko usio na maandishi huwezi kujua kama kazi hiyo ilifanyika ipasavyo. Amitriptilini nayo hugusa mwendo wa umeme wa moyo. Dawa nyingine za kundi hili huwekwa madini mekundu ya zebaki, na zebaki yenyewe huharibu neva.

Mwombe tabibu akuandikie viungo vyote.

Bint_Pemba

Lakini dawa za asili zimetumika kwa karne nyingi. Je, zingekuwa na sumu, Wamongolia wangekuwa bado wapo?

Mfamasia_Tanga

Dada yangu, mihogo michungu nayo inaliwa tangu zama za babu zetu, na asiyejua kuiloweka huzikwa. Anayemeza akoniti kupita kiasi huanza na ganzi ya midomo na ulimi, kisha kutapika, kisha moyo kwenda mrama, na haina dawa maalumu ya kuizima.

Mwanafunzi_Hohhot

Nimerudi kwa tabibu leo. Hakukasirika hata kidogo. Aliandika viungo vitano, na mama mwenye nyumba akanitafsiria: akoniti, miski, tunda la mti uitwao Terminalia chebula, na mizizi miwili ambayo sikuijua.

Mfamasia_Tanga

Hiyo inafanana sana na Garidi-5, dawa mashuhuri ya huko. Usiimeze. Usiache amitriptilini ghafla pia. Miligramu 25 ni kidogo, na daktari anaweza kuiongeza polepole, au kukuanzishia gabapentini, dawa nyingine ya maumivu ya neva, ambayo kwa maumivu ya aina yako huanza na miligramu 300 na huweza kufikishwa 1,800 kwa siku. Mpelekee ile karatasi ya viungo aione.

Mwanafunzi_Hohhot

Ahsante. Vidonge nimevirudisha, na tabibu amekubali tuendelee na kukandwa peke yake, mara moja kwa wiki. Hospitali wamenipangia Alhamisi.