Lami ya pipa imekuwa ngumu kama jiwe, nitie oili chafu?

FundiViraka

Wakuu habarini. Nina kikosi cha watu sita, tunaziba mashimo kwenye barabara za mitaa huku Buhongwa na Mkuyuni, tenda ndogondogo. Lami tunanunua ya pipa, 60/70. Tunaipasha kwa kuni kando ya barabara, tunachanganya na kokoto za hapahapa Mwanza, tunashindilia, tunahama.

Nina shida mbili. Kuna viraka niliviweka kabla ya masika, mvua zilipokolea vikaanza kumomonyoka. Nikiokota kokoto naikuta safi kabisa, utadhani haijawahi kugusana na lami. Shida ya pili ni pipa nililolifungua Jumatatu nikalichemsha siku nne mfululizo. Iliyobaki humo ukiipiga nyundo inaruka vipande kama chupa, na viraka vyake vimeshatoa nyufa.

Jamaa wa gereji Igoma ananiambia nitie oili chafu, italainika. Halafu nasikia lami yenyewe ni masalia tu, kile kinachobaki wakishachukua petroli na dizeli yao. Sasa kama ni masalia, kwa nini huko viwandani wasiyaboreshe wakatuletea kitu cha kueleweka? Au ndiyo tunauziwa uchafu?

KijanaWaGeita

Mkuu tia oili chafu, lita tano kwa pipa. Sisi tulitia ikalainika kama uji wa mgonjwa. Usiumize kichwa.

FundiViraka

Na viraka vilikaa muda gani?

KijanaWaGeita

Sikurudi kuangalia, tulishalipwa.

MamaSindano

Wanangu hamjambo. Huyu wa Geita angalau ni mkweli.

Nilikaa maabara ya vifaa vya barabara miaka 22, sasa nimestaafu niko Nyegezi na kuku wangu. Jina la Mama Sindano nilipewa kazini. Unamimina lami kwenye kikopo, unaiacha ipoe, unaizamisha kwenye maji ya nyuzi 25, kisha unaachia sindano yenye uzito wa gramu 100 kwa sekunde 5. Hiyo 60/70 iliyoandikwa kwenye pipa lako maana yake ni kwamba sindano izame milimita 6 hadi 7, kwa sababu tunahesabu sehemu za kumi za milimita. Siku moja nililetewa kopo la lami iliyochotwa kwenye pipa lililopikwa kwa kuni kutwa nzima. Sindano ikasimama kwenye 28. Nilirudia mara tatu nikidhani ni sindano yangu imepata kasoro.

Nianze na hilo neno masalia, maana linawapotosha wengi. Mafuta ghafi yakiingia kiwandani yanapashwa hadi kama nyuzi 350, yanaingia kwenye mnara. Vyepesi vinapanda: petroli, mafuta ya taa, dizeli. Chini kinabaki kizito cheusi ambacho bado kina mafuta mengi ndani. Huwezi kukiongezea moto tu, kitaungua na kuvunjikavunjika. Kwa hiyo wanakihamishia kwenye mnara wa pili ambao hewa yake imenyonywa, presha iko chini sana, mafuta mazito yanachemka bila kuunguzwa. Ni jambo lilelile mnaloliona jikoni bila kulijua: Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayasubiri 100 kama ya Dar es Salaam. Kinachobaki chini ya mnara huo wa pili ndiyo lami, au mama yake lami.

Kuboresha wanaboresha, tena kwa njia nyingi. Ikitoka laini mno wanaipulizia hewa ikiwa kwenye nyuzi 230 hadi 280. Oksijeni inafanya chembe ndogo ziungane kuwa kubwa, lami inakaza. Wakipuliza kidogo inapatikana lami ya barabara ya joto, wakizidisha inakuwa ile ngumu ya kuezekea mapaa. Njia nyingine wanayaosha masalia kwa propani iliyobanwa ikawa kimiminika. Propani inabeba mafuta yanayofaa kwa vilainishi, inaacha lami ngumu sana, ambayo wanaichanganya na laini mpaka sindano iseme namba wanayoitaka. Wengine wanatia polima, vitu vya jamii ya plastiki na mpira, asilimia 3 hadi 7, lami inanepa kama mpira badala ya kukatika. Kule Arizona, Marekani, tangu miaka ya 1960 wanasaga matairi chakavu na kuyapika ndani ya lami.

Lakini hakuna mtambo unaoifuta asili yake. Mafuta ghafi mazito ya Venezuela, zaidi ya nusu yake yanaweza kuwa lami, tena nzuri. Mafuta mepesi yanakupa kidogo tu. Yenye nta nyingi ndiyo mabaya zaidi: lami yake inalegea juani na haishiki. Isitoshe, viwanda vya kisasa vina mitambo ya kuyakamua masalia hayohayo mpaka yatoe dizeli zaidi, na dizeli inalipa kuliko lami. Anayetengeneza lami anagombea malighafi na mwenye pesa. Akiambulia masalia yaliyokwisha kuvunjwavunjwa kwa moto, lami yake itapita kwenye sindano leo na kuzeeka upesi barabarani. Sisi huku hatuna pa kuchagulia. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni, Dar es Salaam, kiliacha kusafisha mafuta ghafi zaidi ya miaka ishirini iliyopita, Mombasa nao wakaacha mwaka 2013. Lami yetu yote inatoka nje.

Sasa pipa lako. Uliletewa lami, ukaifanyia kwa kuni kile kiwanda kinachokifanya kwa kipimo. Siku nne za moto na hewa ni kuipuliza bila mita. Oili chafu itaishusha ugumu, hata sindano itadanganyika, lakini mafuta ya injini si yale mafuta mazito yenye kunata yaliyopotea motoni. Hayashikani na chembe kubwa zilizokwisha kuungana, yanakaa pembeni kama mgeni. Kule Ontario, Kanada, watafiti walihusisha masalia ya oili za injini na barabara kupasuka kabla ya wakati. Na hiyo ni oili iliyopitia kiwandani kwanza. Yako ina vyuma, maji na masizi ya gereji. Usitie.

Pipa hilo lisiguse barabara tena. Kwa mapipa mengine, nunua kipimajoto cha kuzamisha. Ukifika nyuzi 150 hadi 165 anza kazi, ukiona 180 toa kuni. Fungua pipa la kuisha siku hiyohiyo.

Zile kokoto safi ni ugonjwa mwingine, wala si kosa la lami. Nitarudi jioni, nina wageni.

Sangara_Mweupe

Shikamoo mama. Na bomba la mafuta la Uganda hadi Tanga, si linapita Kagera na Geita? Tutapata lami ya jirani?

MamaSindano

Marahaba. Bomba hilo ni la kupeleka mafuta ghafi melini. Na unajua kwa nini linapashwa moto njia nzima? Ni kwa sababu mafuta yale yana nta, yakipoa yanaganda. Rudi ukasome nilichosema kuhusu nta.

FundiViraka, haya, kokoto. Mawe yetu ni matale, granite, yamejaa silika, na silika inapenda maji kuliko mafuta. Lami inakaa juu ya jiwe kama shati, maji yakipata upenyo yanaingia katikati na kulivua. Fanya jaribio hili: paka kokoto lami, ziache zipoe, zitie kwenye maji yanayochemka dakika 10, mwaga, tandaza kwenye gazeti, hesabu zilizobaki nyeusi. Kisha rudia kwa kokoto ulizozilowesha kidogo na kuzichanganya na chokaa iliyozimwa, kilo 1 hadi 2 kwa kila kilo 100, ukazikausha vizuri motoni kabla ya lami. Kalsiamu ya chokaa inashikana na asidi zilizomo ndani ya lami, maji yanakosa mlango. Ila iwe chokaa kweli. Dukani kuna unga mweupe ambao ni chaki tu.

FundiViraka

Mama shikamoo, nimefanya Jumamosi nyumbani. Zisizo na chokaa, dakika ya nne tu lami ilianza kujikunja na kuelea juu ya maji kama ngozi ya maziwa. Nikamwaga, zaidi ya nusu ya kokoto zilikuwa tupu. Za chokaa zilibaki nyeusi karibu zote, isipokuwa kwenye kona kali. Kipimajoto nimepata. Kumbe pipa nililokuwa naliita "bado halijaiva" lilikuwa kwenye 205.

Swali lililobaki ni la nyumbani. Sufuria niliyochemshia ni ya mke wangu na lami imeganda chini.

MamaSindano

Mafuta ya taa na kitambaa, mbali na jiko. Itatoka, lakini asiipikie tena. Pita soko la Mlango Mmoja umnunulie nyingine kabla hajaiona.

FundiViraka

Ameshaiona.