Yai si nyama, hakuna aliyekufa: tunajidanganya au?

Mama Wawili
Wakuu, habari za mchana.

Jumapili nilikwenda Kibaha kwa mjomba, anafuga leya, kuku wa mayai, kama elfu moja. Mayai yake nimekula miaka mitatu, kila mwisho wa mwezi ananiletea trei mbili, ila bandani sijawahi kuingia. Safari hii mvua ikatukuta nje, tukajibanza humo humo. Keji ghorofa tatu, kila chumba kuku wanne. Mkononi nilikuwa na fomu za shule za mtoto, nikawa naangalia karatasi, naangalia kuku: nafasi ya kuku mmoja haizidi ile A4. Bawa hawezi kulinyoosha. Ncha za midomo zimekatwa, wote. Kulikuwa na mmoja shingo imebaki ngozi tupu, nyekundu, na bado anatoa kichwa kwenye waya anadonoa chakula kama kawaida, na yai lake linabingirika taratibu kuja upande wetu.

Nikamuuliza mjomba majogoo wenzao wako wapi. Akacheka. "Leya dume atanitagia nini?" Kumbe kule wanakototoleshwa, siku ya kwanza tu wanachambuliwa, majike yanapakiwa kwenye boksi, madume ndiyo basi tena.

Swali langu: sisi tunaosema "yai si nyama, maziwa si nyama, hakuna aliyekufa," tunajidanganya au? Maana hata maziwa nayo nimeanza kuyawaza, huyo ndama anakunywa nini. Yai limenishinda tangu siku hiyo. Nitakuwa nakula ya kienyeji tu. Leteni hoja, matusi wekeni kando.

Zege la Manzese
Kwa hiyo mimi na zege langu la jioni, chipsi mayai, tumeshakuwa wauaji? Dada, yai ndiyo nyama ya sisi tusio na nyama. Niachie.

Fundi Keji
Mleta mada umenikera na hiyo A4 yako. Mimi naunganisha hizo keji, ndiyo ugali wangu. Umesimama bandani dakika kumi kwa kukimbia mvua, umetoka profesa. Umewahi kufuga chini kwenye maranda? Kuku mmoja akitoka damu kidogo, wenzake wanamdonoa mpaka utumbo unatoka. Wanakula mayai yao wenyewe. Wanalala juu ya mavi yao, kuhara damu kukiingia unazika ndoo kwa ndoo. Kwenye keji mavi yanaanguka chini, kuku msafi. Hiyo shingo ni waya unamsugua akila, haumwi.

Bint Kariakoo
Umejuaje haumwi? Alikwambia?

Fundi Keji
Na wewe umejuaje anaumwa? Anataga. Kuku anayeumwa hatagi. Nenda kamuulize mfugaji yeyote.

Mganga wa Mifugo
Hapo fundi unateleza. Leya amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili atage, atataga hata hali yake ikiwa mbaya. Mwili unachota madini kwenye mifupa yake unatengenezea ganda, ndiyo maana leya wa mwaka na nusu ukimkamata vibaya mguu unavunjika kama njiti. Kuku wa kijijini anataga kumi na kitu, anaatamia, analea, anapumzika. Kwa mwaka ni arobaini, hamsini, sitini. Leya anakaribia 300.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku keji tupu za namna hiyo tangu 2012, na kiwango chao cha mwisho kilikuwa sentimita za mraba 550 kwa kuku, yaani pungufu ya A4 ya mleta mada. Ujerumani tangu Januari 2022 hata kuua vifaranga dume hairuhusiwi. Na sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, wengi mnaobishana hapa hamjaisoma.

Zege la Manzese
Ulaya, Ulaya. Na trei huko shilingi ngapi?

Ustadh Mpole
Kuna hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Akaingia motoni kwa ajili ya paka. Tafakarini.

Fundi Keji
Ustadh, yule paka hakulishwa. Huyu kuku analishwa mashudu, dagaa, mahindi na vitamini. Mimi mwenyewe sili dagaa kila siku.

Ustadh Mpole
Allah akuongoze. Nimesema tafakarini, sikukutaja.

Shangazi wa Chumbageni
Mnapigana bure wakati mleta mada kesharuka shimo katumbukia kisimani. Eti "nitakula ya kienyeji tu". Kienyeji ipi, mwanangu? Hapo Dar yai la kienyeji halipo. Wanachukua mayai meupe ya kisasa wanayachovya kwenye majani ya chai, yakikauka yanapakwa vumbi kidogo na unyoya mmoja juu. Unalipa mara mbili kwa kuku yule yule wa keji.

Mzee wa Fitina
Hiyo chai, shangazi. Uongo mtupu.

Shangazi wa Chumbageni
Chai kweli, na rangi yake ndiyo unayokula.

Zege la Manzese
🤣🤣 Mzee wa Fitina kapigwa na kikombe chake mwenyewe. Nimevuta kiti, nina karanga.

Mtoto wa Singida
Shangazi, na wengine mnaoshabikia, mtatuharibia biashara kwa maneno ya vijiweni. Nakusanya mayai vijijini Singida mwaka wa sita huu. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na baiskeli, nyumba hii mayai manne, ile saba, nyingine bibi ananiambia "rudi kesho, kuku kaanza kuatamia". Trei moja inaweza kunimalizia siku nzima. Halafu mtu yuko sebuleni Tanga ananiambia nachovya chai. Majani yenyewe bei gani?

Bint Kariakoo
Hajakutaja wewe, jamani. Ila hata mimi nilinunua trei ya "kienyeji" pale karibu na stendi, nikasugua moja kwa ndimu, rangi ikatoka kidoleni.

Mtoto wa Singida
Ulinunua stendi. Kosa langu liko wapi?

Mzee wa Fitina
Kienyeji mnakitambua kwa kiini. Kiini cha njano iliyokolea, kienyeji. Kiini cheupe kama mgonjwa wa manjano aliyepona, kisasa.

Mganga wa Mifugo
Kiini kinafuata chakula. Mlishe leya majani mabichi na mahindi ya njano, kiini kitakolea kama cha bibi yako. Rangi ya ganda inafuata mbegu ya kuku, na kuku wa kijijini hutaga meupe, ya krimu na ya kahawia. Kwa rangi tu huwezi kujua. Lakini hatukuwa tunazungumzia hili.

Mzee wa Fitina
Tulikuwa tunazungumzia nini?

Mama Wawili
Mateso ya kuku, kaka. Iko pale juu.

Mzee wa Fitina
Aa. Sasa daktari, mayai ya kware je?

Shangazi wa Chumbageni
Na huyo wa Singida asijifanye malaika. Kuku wenu nawaona wakishushwa Shekilango. Tenga moja limeshindiliwa kuku mpaka vichwa vinachungulia matunduni, safari ya usiku kucha, tone la maji hakuna. Halafu wanafungwa miguu, sita sita, wananing'inizwa kichwa chini kwenye bodaboda mpaka sokoni. Wa keji angalau alikuwa na bomba la maji.

Mtoto wa Singida
Kuku wa nyama na mayai ni biashara mbili tofauti. Mimi mayai.

Shangazi wa Chumbageni
Na yule kuku akiacha kutaga anakwenda wapi, shule?

Mtoto wa Singida
Anakwenda kwenye sufuria, kama kuku wa baba yako na babu yako. Ila ametembea, ameoga vumbi, ameparua, ameitwa na jogoo, amelea vifaranga. Kaishi. Wa keji kazaliwa, katambua waya, kafa. Kama huoni tofauti hapo basi endelea na chai yako.

Fundi Keji
Kaishi! Kideri kikipita kiangazi, kijiji kizima unaamka hakuna jogoo wa kuwika. Vifaranga kumi, mwewe na kicheche wanakubakizia watatu. Ndiyo ustawi huo? Nani anayehesabu hao?

Mganga wa Mifugo
Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote tangu mada ianze, na jibu lake ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ya kideri ya I-2 haihitaji hata friji kali kama zile za zamani. Tatizo wanaume wengi wanasema kuku ni mali ya mama, hawatoi hela.

Bint Kariakoo
Kuku mali ya mama mpaka mgeni aje. Hapo paja na firigisi ni za baba. Kwetu mama mjamzito alikuwa anakatazwa mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Nyie mnaojadili haki za kuku, mwanamke aliruhusiwa lini kulila hilo yai?

Mzee wa Fitina
Mke wangu alikula. Mtoto ana nywele mpaka mabegani.

Wa Kajiado
Majirani habari. Naona mnalilia kuku. Ni nyinyi kweli? Si nyinyi Watanzania mlichoma vifaranga wetu kutoka Kenya pale Namanga mpakani, wakiwa hai? Elfu kumi, 2018. Leo keji imewatoa machozi.

Mganga wa Mifugo
Walikuwa 6,400, na ilikuwa Oktoba 2017. Wale wa 2018 ni kundi jingine.

Wa Kajiado
Asante kwa kunisaidia. Yaani mlichoma mara mbili.

Fundi Keji
Waliingizwa kwa magendo! Kuku na vifaranga kutoka nje vilizuiwa tangu 2006 kwa sababu ya mafua ya ndege. Mlitaka tuwapokee kwa ngoma?

Wa Kajiado
Kifaranga wa siku moja hajui mpaka uko wapi, bwana. Mngemrudisha. Au mngemuua kwa upole. Moto?

Mzee wa Fitina
Wakenya mna uchungu wa vifaranga, au bado mnauma meno kwa wale ng'ombe wenu walionaswa kwetu wakanadiwa mwaka ule ule wa 2017?

Wa Kajiado
Ng'ombe 1,325. Nami nilikuwa namjua mwenye baadhi yao. Usinichekeshe.

Mama Wawili
Wa Kajiado ana haki ya kuuliza. Mimi ile picha ya moshi niliiona wakati ule nikasema "sheria ni sheria" nikaendelea kukaanga yai. Sijui kwa nini hao 6,400 hawakunigusa na huyu mmoja wa shingo tupu kanigusa. Ila nilitaja na maziwa, hakuna aliyegusa.

Laigwanani Mdogo
Niguse mimi, niko Longido. Kwetu ng'ombe wa maziwa ana jina. Anayekamua ni mama, anakamua upande mmoja, upande wa pili ndama yuko hapo hapo ananyonya. Ukimaliza yote ya ndama, umejiibia mwenyewe, mwakani huna ng'ombe. Ndama akifa, tunahifadhi ngozi yake, ng'ombe mama anasogezewa anailamba, ndipo anaachia maziwa.

Bint Kariakoo
Yaani mnamdanganya kwa maiti ya mwanae?

Laigwanani Mdogo
Usipomdanganya chuchu zinajaa zinauma. Na watoto wetu wanalala njaa. Wewe ungefanya nini?

Mtoto wa Kihamba
Ninyi mna nafasi. Kwetu Kilimanjaro ng'ombe wa kisasa anafungwa bandani tangu siku ya kwanza mpaka anauzwa. Mama alishuka kila siku kukata majani, anapanda mlima na mzigo kichwani, migomba ikikatwa ng'ombe naye anapewa magome. Alitunzwa kuliko sisi, hilo siwezi kukataa. Lakini nilipokuwa darasa la nne alizaa dume. Ndama alinyonya dang'a siku chache, akaja mtu na kamba. Yule ng'ombe alilia usiku mbili mfululizo, sauti ya chini hivi, inatoka tumboni. Nikamuuliza mama ana nini. Akasema anaimba, nilale. Asubuhi kikombe changu cha maziwa kilijaa kuliko siku zote, nami nikakinywa chote.

Zege la Manzese
Mkuu umetumwagia maji. Nilikuwa nakula.

Msabato wa Pare
Ndiyo maana wengine tuliacha nyama zamani, mkatucheka.

Shangazi wa Chumbageni
Nyama mliacha. Maziwa na mayai je? Mama mkwe wangu Msabato, chapati zake zina mayai manne.

Msabato wa Pare
Si wote. Mimi natumia tui.

Mzee wa Fitina
Wahindi wengine wa Upanga yai hawali, maziwa wanakunywa. Msabato huyu nyama hali, mayai anakula kwa mama mkwe wa shangazi. Kila mtu ana mnyama wake wa kumsamehe.

Msabato wa Pare
NIMESEMA NATUMIA TUI.

Ustadh Mpole
Punguzeni sauti, ndugu zangu.

Mganga wa Mifugo
Mama Wawili, ukitaka kitu cha kufanya badala ya kususa: mwambie mjomba apunguze kuku kwa chumba kutoka wanne hadi watatu, aweke kitu tambarare chini ya miguu yao pale waya ulipo mkali, na asikate midomo ya kuku wakubwa. Mayai yatapungua na bei itapanda. Uwe tayari kulipa hiyo tofauti.

Fundi Keji
Watatu kwa chumba, mjomba anafunga banda kufikia Pasaka. Andika hiyo.

Bint Kariakoo
@Mtoto wa Singida, hivi trei yako unauza bei gani? Na unaleta mpaka Dar?

Mtoto wa Singida
Naleta Jumatano kwa basi. Agiza mapema, trei zenyewe ni nne tu. Chai hakuna.

Mzee wa Fitina
Niandikie moja. Nitakuja na ndimu.

Mama Wawili
Mjomba amepita asubuhi, mwisho wa mwezi. Trei zake mbili ziko hapa mezani, kazifunga kwa kamba ya katani kama siku zote, na juu kaweka parachichi la watoto. Sijamwambia kitu. Watoto wameuliza kwa nini leo hakuna mayai.

Zege la Manzese
Yana nyufa mangapi?

Mama Wawili
Mawili.

Zege la Manzese
Hayo kaanga leo, hayalali.