Mashine inakata kila nikirenda, kitengo cha waranti kazi yao kupiga Windows upya, leo plagi imeungua wanasema kosa ni langu!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Walioniuzia siwataji kwa sababu madai yangu bado yako mezani kwao, ila wakipita humu watajijua.

Mashine yenyewe ni kompyuta ya mezani ya daraja la juu, nimeinunua kwa kazi ya kurenda majengo ya 3D, yaani kompyuta inakokotoa michoro mpaka inakuwa picha kamili. Prosesa ya kori 16, RAM GB 64, pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) ya wati 1000, na kadi ya grafiki kubwa, ile inayolishwa umeme kwa plagi moja ya pini 16. Waliifunga wao mwanzo mwisho, wakabandika stika juu ya skrubu za kasha yenye maneno kwamba ukiibandua waranti imekufa. Wekeni akilini hiyo stika.

Tatizo liko hivi. Nikianza kurenda, baada ya muda mfupi mashine inakata. Hakuna skrini ya bluu, hakuna kuganda, inakata kama mtu kachomoa waya ukutani. Mara nyingine kioo kinakuwa cheusi kwanza, feni za kadi zinapanda kasi mpaka mwisho, ndipo kila kitu kinazimika. Na haiwaki tena kwa kubonyeza kitufe mpaka nizime swichi ya nyuma ya pawa saplai, nisubiri kidogo, niirudishe. Kuandika, kuvinjari, kuangalia video, haina neno kabisa. Ikipewa kazi nzito tu, inakufa. Kazi ya usiku mzima naikuta asubuhi imeishia njiani, na mteja anayesubiri picha zake hataki kusikia habari za umeme wa kadi.

Nikawapelekea. Jibu la kwanza, kabla hata hawajaiwasha: "Kaka, hiyo ni Windows, tutakupigia upya." Wakafomati. Nimerudi nayo, nimefungua faili ileile, imekata palepale. Nikairudisha, wakasema draiva. Nikairudisha tena, wakasema RAM, wakabadilisha RAM ambayo haikuwa na kosa lolote. Na kila ikitoka kwao inatoka na karatasi yenye mstari mmoja: imekaguliwa, hakuna tatizo. Nilipobana kuuliza wameikaguaje, ndipo nikaambiwa kwamba waliiwasha wakaiacha imewaka hadi siku ya pili, haikuzima.

Imewaka ikifanya nini? Imekaa tu kwenye ukurasa wa mwanzo! Kadi ya namna hii ikiwa imetulia inakula wati makumi machache. Ikirenda inavuka 400. Huko ni kupima breki za lori likiwa limeegeshwa. Kama mteja amekuandikia kwenye fomu kwamba inakata ikirenda, jambo la kwanza ni kuipa kazi ya kurenda. Programu za kuikamua kadi zipo, nyingine za bure, na ni suala la kubonyeza na kusubiri. Hawakufanya hata hilo.

Kuna aliyenionyesha rekodi za Windows na kuniambia kwa kujiamini kabisa kwamba "kerneli ndiyo imekosea", yaani kiini cha Windows, kwa kuwa kuna mistari ya Kernel-Power namba 41. Hili naomba nilieleze kidogo maana naona linawapoteza wengi. Namba 41 inaandikwa mashine ikiwaka tena, na inachosema ni kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Basi. Haitaji sababu. Cha kutazama ni msimbo wa kosa ulioko ndani ya tukio hilo. Wangu ulikuwa 0 kila mara, yaani Windows haikupata nafasi ya kuandika kosa lolote kabla giza halijaingia. Ukiona 0 huku mashine inakata papo hapo, unaanza kufikiria umeme, siyo faili zilizoharibika. Mtu anayelipwa kufanya kazi hii alipaswa kulijua hilo kabla yangu.

Basi nikapima mwenyewe, bila kugusa skrubu wala stika. Nikaiwasha kwa Linux kutoka kwenye flashi, nikaikamua kadi, ikakata vilevile. Hapo habari ya Windows imekwisha, maana Windows haikuwepo. Nikaikamua prosesa peke yake kwa saa nyingi, ikabaki imara. MemTest86, programu ya kupima RAM, ikazunguka usiku kucha bila kosa hata moja. Nikashusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 60 nikarenda, ikamaliza kazi yote. Nikairudisha 100, ikakata. Huhitaji shahada kusoma matokeo hayo: tatizo liko kwenye njia ya umeme wa kadi, kuanzia pawa saplai, waya, plagi, mpaka kadi yenyewe.

Kipimo kilichonipa jibu hasa ni hiki. Kadi yangu ina kihisi kinachosoma volti pale inapoingia plagi. Ikitulia inasoma 12.1. Mzigo ukipanda inashuka mpaka 11.2, wakati volti 12 inayosomwa na madabodi (bodi kuu ya mashine) kutoka pawa saplai ileile haichezi. Maana yake volti inapotea katikati, kwenye waya au kwenye plagi, na volti inayopotea pale inageuka joto. Nikachapisha jedwali lote nikawapelekea. Yule wa mapokezi akalirudisha kwangu juu ya kaunta bila kulisoma: "Sisi hatupokei vipimo vya mteja."

Hatupokei vipimo vya mteja! Na vyenu viko wapi?

Nikagoma kuondoka mpaka wafungue kasha mbele yangu. Fundi akaja, kijana mpole tu, yeye sina ugomvi naye. Akabandua stika yao, akatoa kioo cha pembeni, akashika plagi ya kadi akavuta. Haikutoka. Akavuta tena huku anaitikisa, ikaachia kwa mlio wa plastiki kukwanyuka. Harufu ikaja kabla hatujaiangalia vizuri. Kwenye safu ya pini za volti 12, mbili za pembeni zimegeuka kahawia iliyokolea, na plastiki kati yake imeyeyuka ikavutika nyuzi kama gundi. Upande wa kadi nao tundu moja limeziba nusu. Akanyamaza. Mkubwa wake akaja, akachungulia, na neno lake la kwanza likawa: "Bosi wangu, hii plagi hukuisukuma mpaka mwisho. Hii haimo kwenye waranti."

Hapo ndipo nilipoishiwa na uvumilivu. Hebu fikirini. Mashine mmeifunga ninyi. Plagi mmeichomeka ninyi. Stika mmebandika ninyi ili mimi nisifungue, na imekutwa nzima mbele ya macho yenu. Kati ya hapo mmeifungua ninyi mara kadhaa kubadilisha RAM na mambo yenu mengine, mkachomoa na kuchomeka mnachojua wenyewe, kisha mkabandika stika mpya. Mimi mkono wangu umeingilia wapi? Hamuwezi kunikataza kufungua kasha, halafu mkanilaumu kwa kilichoharibika ndani ya kasha.

Na hilo la "hukuisukuma mpaka mwisho" tusilichukulie juujuu, kwa sababu historia ya plagi hii inajulikana. Plagi ya zamani ya pini 8 inapewa wati 150, na ina pini 3 za volti 12, kwa hiyo kila pini inabeba kama ampea 4. Hii ya pini 16, iitwayo 12VHPWR, iliyoingia sokoni 2022 inaruhusiwa wati 600. Gawanya kwa volti 12, ni ampea 50, kwenye pini 6, na tena ni pini ndogo kuliko zile za zamani. Kila moja inabeba zaidi ya ampea 8 huku uwezo wake ukiwa ni kama 9 na ushee. Nafasi ya kukosea karibu haipo. Pini moja ikilegea, mzigo wake unahamia kwa wenzake, na joto linapanda kwa mraba wa mkondo: ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Kadi nyingi za kizazi hiki huziunganisha pini zote 6 kuwa njia moja mara tu umeme unapoingia, hivyo kadi haina jinsi ya kujua kwamba pini mbili zinabeba mzigo wa sita.

Ripoti za plagi kuyeyuka zilianza mwaka huohuo wa 2022. Mwaka 2023 kiwango kikarekebishwa kikaitwa 12V-2x6. Walichobadilisha ni kufupisha pini ndogo za ishara, zile zinazoiambia kadi kwamba plagi imechomekwa, na kurefusha kidogo zile za umeme, ili plagi isipokaa sawasawa kadi ikatae kuvuta umeme mwingi. Sasa jiulizeni kwa nini mabadiliko hayo yalihitajika. Kwa sababu muundo wa kwanza uliweza kuruhusu kadi kuvuta umeme wote huku plagi haijakaa! Fundi anayefunga mashine hizi kwa ajili ya kuuza anapaswa kuijua hiyo plagi kuliko kitu kingine chochote ndani ya kasha, aikague kila anapofungua, ahakikishe waya haujakunjwa pale karibu na shingo. Na plagi yenyewe imetengenezwa kuvumilia kuchomekwa na kuchomolewa mara 30 tu au karibu na hapo, siyo ya kuchezewa kila wanapokisia.

Na kuhusu hizo stika, Marekani, Aprili 2018, tume yao ya biashara, FTC, ilizionya kampuni sita kwa maandishi juu ya masharti ya namna hii ya kumtishia mteja kwamba waranti inakufa akitumia fundi au vipuri vingine. Sisemi sheria ya kule inafika kila mahali. Nasema walioiangalia jambo hili kisheria waliona halikukaa sawa.

Kinachoniumiza zaidi ya kadi ni kwamba hili lingeweza kukamatwa mapema. Ile mara ya kwanza kabisa, wangeipa kazi ya kurenda kidogo tu wakaangalia volti, plagi ingebadilishwa ikiwa bado imepauka kidogo, na kadi ingepona. Badala yake waliniambia hakuna tatizo, wakanirudishia mashine yenye waya unaoungua, nikaiacha inafanya kazi usiku nikiwa nimelala chumba cha pili. Watu wangu wamelala humohumo. Hilo siwasamehei.

Ninachodai nimewaandikia na nakiweka hapa: kadi nyingine, pawa saplai nyingine yenye waya wake wa 12V-2x6 moja kwa moja bila adapta, na ripoti yenye jina la kipimo kilichofanyika, mzigo uliotumika na muda wake. Sitaki tena karatasi ya mstari mmoja. Plagi iliyoungua imebaki kwangu, nimekataa kuiacha. Picha za pande zote mbili ninazo, pamoja na picha ya stika kabla haijabanduliwa.

Mwenye plagi ya pini 16, fungua programu ya vihisi leo ukiwa unarenda au unacheza gemu, utazame volti ya pale plagi inapoingia. Ikishuka sana mzigo unapopanda wakati ya madabodi imetulia, zima, usingoje harufu.

Na wale waliowahi kukataliwa waranti kwa sababu ya plagi hii wakabishana mpaka wakalipwa, naomba mniambie mlitumia ushahidi gani. Ilitosha picha, au ilibidi fundi mwingine aandike? Kesho asubuhi narudi pale kaunta.